Walker hakuwa mtembezi

Ukimtazama yule bwana wa kofia ndefu anayetembea kwenye chupa ya Johnnie Walker, utadhani jina hilo lina maana ya mtembezi. La hasha! Walker wa kale alitembea, naam, lakini palepale, ndani ya hodhi. Kazi yake ilikuwa kukanyaga kitambaa cha sufu kilichotoka kufumwa, ili mafuta yatoke na nyuzi zishikamane. Majini alitia udongo maalumu au mkojo uliochacha (usishangae, hiyo ndiyo sabuni ya enzi hizo). Kusini-mashariki mwa Uingereza mkanyagaji huyo huyo aliitwa Fuller, kusini-magharibi Tucker. Walker ni wa kaskazini. Vinu vya maji, vilivyotajwa huko tangu 1185, vilipokonya miguu kazi hiyo. Wajukuu wakabaki na jina tu.