Nani Humpa Rufaa Aliye Angani?

Swali lilitoka dawati la nyuma. Tulikuwa Maposeni, jirani na Peramiho katika Wilaya ya Songea, kwa siku mbili za huduma ya mkoba. Asubuhi tuliwapima wagonjwa, na alasiri tukaalikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari kuhusu kazi za afya. Nilikuwa nimewaonyesha picha ya chombo cha anga chenye abiria wanne, raia wa kawaida wasioajiriwa na serikali yoyote kwa safari hiyo, nikitaka tu kuamsha hamu yao ya sayansi. Kijana wa kidato cha pili akasimama, akaniamkia, kisha akauliza: "Daktari, mtu akiugua kule juu anapewa rufaa ya kwenda wapi?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa katika miaka yangu ya kufundisha madaktari sijapata kuulizwa swali la tiba ya anga lililo sahihi kuliko hilo.

Tuanze na umbali. Kituo cha Kimataifa cha Anga huizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, mara moja kwa kila dakika 90. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 900. Njia ya kituo hicho hupita pia juu ya Ruvuma, na kinapopita, wakaazi wake huwa karibu na Maposeni kuliko walivyo madaktari bingwa wa Muhimbili. Ukaribu huo hauwafai kitu, maana baina yao na sisi hakuna gari la wagonjwa linaloweza kutumwa usiku. Mwenye kuugua huko hutibiwa kwa kilichomo sandukuni, na mikono ya mwenzake, au yake mwenyewe.

Jambo hilo limekwisha kutokea. Januari 2020, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha kisa cha mwanaanga mmoja ambaye jina lake lilihifadhiwa. Alikuwa amekaa kituoni miezi miwili kati ya sita aliyopangiwa, naye alijipima mishipa ya shingo kwa ultrasaundi kwa ajili ya utafiti. Hakuwa na maumivu wala homa. Wataalamu wa radiolojia waliozitazama picha wakiwa duniani waliona mshipa wake mkubwa wa shingo umezibwa na bonge la damu. Sanduku la dawa lilikuwa na enoksaparini kidogo, sindano zilihesabika, na hapakuwa na dawa ya kubatilisha kazi yake endapo mgonjwa angeanza kuvuja damu. Dkt. Stephan Moll wa Chuo Kikuu cha North Carolina alishirikishwa katika ushauri. Dozi zikapangwa ili zitoshe mpaka chombo cha mizigo kipeleke vidonge vya apiksabani, navyo vilifika baada ya siku zaidi ya 40. Kwa muda wote huo mwanaanga alipimwa tena na tena kwa ultrasaundi, mkono ukiwa kule juu na macho ya mtaalamu yakiwa huku chini, sauti ikielekeza: sogeza kidogo, bonyeza, hapo hapo. Alitibiwa kwa zaidi ya siku 90, akarejea salama.

Mkunga yeyote aliyewahi kuhesabu vichupa vya mwisho vya oksitosini huku akisubiri gari la Bohari ya Dawa ataitambua hali hiyo bila kufafanuliwa.

Kwa nini damu igande shingoni? Sisi tunaosimama juu ya ardhi tuna uzito unaovuta damu kuelekea miguuni. Angani uzito huo hauhisiwi. Maji ya mwili hupanda kifuani na kichwani, uso huvimba, na damu ya shingoni huzubaa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wanaanga 11, sita walionekana damu yao katika mshipa huo imesimama au inarudi nyuma. Kuzubaa kwa damu ni mojawapo ya mambo matatu tunayowafundisha wanafunzi wa tiba kuwa huleta bonge. Mengine ni kudhurika kwa ukuta wa mshipa na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Mgonjwa aliyelala wiki tatu kitandani baada ya kuvunjika paja yumo katika hatari ya aina hiyo hiyo. Vivyo hivyo mama aliyetoka kujifungua.

Hapa sina budi kueleza lililonifanya nisicheke darasani. Nilipokuwa daktari mchanga, katika kituo ambacho sitakitaja, alikuja mama siku ya tisa baada ya kujifungua. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba, una joto, unauma kwenye shavu la mguu. Tulimwambia auinue mguu akilala, tukampa dawa ya maumivu. Nasema tulimwambia, kwa kuwa nami nilikuwapo. Mashine ya ultrasaundi ilikuwapo pia, ila ilikuwa imefungiwa chumbani, kwa sababu mtumiaji wake pekee alikuwa likizo. Baada ya siku tatu mama yule alirudishwa akihema, akishika kifua, na hakuiona asubuhi. Mtoto wake, kama yu hai, sasa ana umri wa wale vijana wa kidato cha pili.

Kumtambua mgonjwa wa aina ile hakuhitaji shahada ya radiolojia. Mshipa wa vena ulio mzima, ukibonyezwa na kichwa cha mashine, hunywea mpaka kuta zake zigusane. Wenye bonge hukataa kunywea. Mtaalamu hubonyeza kwenye kinena, kisha nyuma ya goti, na mara nyingi huwa amepata jibu la kumwanzishia mgonjwa dawa au rufaa. Muuguzi aliyefundishwa vyema anaweza kuifanya kazi hiyo huku daktari akitazama kwa simu kutoka mjini. Kwa wasomaji wasio wahudumu wa afya nasema hivi: mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, ukiuma na kuwa na moto, hasa baada ya uzazi, upasuaji au kulala muda mrefu, usikandwe wala kuchuliwa; mgonjwa afike kituoni siku hiyo hiyo. Akibanwa pumzi au kifua kikichoma ghafla, hata saa moja ni nyingi.

Turudi kwa wale abiria wanne wa pichani. Kwa miongo mingi waliokwenda angani walikuwa watu waliochujwa: marubani na wanasayansi wenye afya kuliko wote, waliopimwa kila kiungo kabla ya kukubaliwa. Kampuni binafsi zimelegeza mchujo huo. Kwanza zilipunguza gharama. Roketi ya zamani ilikuwa kama mtumbwi unaovunjwa kuni baada ya kuvuka Ruvuma mara moja. Desemba 2015 kampuni ya SpaceX ilifaulu kuitua wima sehemu ya chini ya roketi yake ya Falcon 9 iliyokuwa imepeleka setilaiti kwenye mzingo, na Machi 2017 ikairusha tena roketi iliyokwisha kutumika. Mwaka 2021 milango ikafunguka kwa watu wengine kabisa. Julai mwaka huo Wally Funk, bibi wa miaka 82, alirushwa na kampuni ya Blue Origin. Oktoba akafuata mwigizaji William Shatner akiwa na miaka 90. Safari zao zilichukua takribani dakika kumi.

Iliyonivutia zaidi ni ya Septemba 2021, iliyoitwa Inspiration4. Tajiri Jared Isaacman aliilipia, akaiambatanisha na mchango wa hospitali ya watoto ya St. Jude huko Memphis, Marekani, uliozidi dola milioni 200. Miongoni mwa abiria alikuwamo Hayley Arceneaux, mwenye miaka 29, ambaye utotoni alitibiwa saratani ya mfupa katika hospitali hiyo hiyo, akawekewa kiungo bandia ndani ya mguu, kisha akakua na kurudi kuwahudumia watoto wenye saratani kama msaidizi wa daktari. Yeye ndiye aliyekuwa mhudumu wa afya wa chombo. Kwa siku tatu wasafiri walijipima kwa ultrasaundi na kujitolea sampuli, na wakazungumza na watoto waliolazwa St. Jude, wakiyajibu maswali yao kutoka juu. Matokeo ya vipimo vyao yalichapishwa mwaka 2024. Kwa vigezo vya zamani, mwili wa Hayley usingalikubaliwa hata kufika mlango wa roketi.

Huko zahanati mzee mmoja aliyekuja kwa shinikizo la damu alikuwa amenisikia nikiyasimulia haya kwa wauguzi. Akaniuliza, fedha za kumrusha tajiri zingejenga zahanati ngapi? Ni swali la haki, wala sikumpinga. Katika safari za dakika kumi sioni faida ya tiba inayolingana na gharama yake. Na zile siku tatu ni za watu wanne tu, wote Wamarekani. Lakini nilimwambia: wasafiri wanapokuwa wazee, wenye presha, wenye viungo bandia, wenye kampuni watalazimika kutafuta vifaa vidogo, vyepesi, vinavyotumiwa na mtu asiye bingwa. Vifaa vya namna hiyo ndivyo tunavyovihitaji Maposeni. Mzee akasema, "Haya, vikifika mtuite," akaendelea kusubiri dawa zake.

Wala Afrika Mashariki si mgeni wa mambo haya. Pwani ya Malindi, kutoka majukwaa ya baharini ya San Marco, ndipo iliporushwa Desemba 12, 1970 setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota. Ilipewa jina hilo kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Kisetilaiti cha Chuo Kikuu cha Nairobi, chenye upana wa sentimita 10, kiliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2018. PearlAfricaSat-1 ya Uganda, iliyoundwa na wahandisi vijana watatu waliosomea Japani, iliondoka Novemba 2022, na Taifa-1 ya Kenya Aprili 2023. Zote tatu zilibebwa na roketi za kampuni binafsi. Kwetu Tanzania elimu ya anga imebebwa zaidi na watu wachache wenye moyo, kama Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria. Wengi tunaikumbuka Septemba 1, 2016, siku jua lilipopatwa na kubaki pete kule Rujewa, nasi wa Songea tukaliona limemegwa sehemu kubwa. Siku ile watoto wa nchi nzima walikuwa tayari kufundishwa fizikia, na wiki iliyofuata tukarudi kwenye kunakili ubaoni.

Kijana wa dawati la nyuma nilimjibu hivi: kule juu rufaa ni sauti, na mwenye kuipokea lazima awe amefundishwa mikono yake mapema. Akaliandika. Kisha akauliza kama yeye anaweza kukiona kituo hicho. Nikamweleza kwamba huonekana mara kwa mara jioni baada ya jua kutua au alfajiri, kama nyota angavu isiyometameta, ikikatiza mbingu kwa dakika chache.

Jioni ya siku ya pili, tulipokuwa tukipakia masanduku garini, muuguzi wa zamu aliomba tumwachie mashine ndogo ya ultrasaundi kwa nusu saa. Alimlaza mwenzake kwenye kitanda cha uchunguzi, akapaka jeli kwenye kinena chake, akaanza kubonyeza, mimi nikiwa nimesimama nje ya dirisha nikitazama picha kwenye simu yangu. Mara mbili alipotea njia. Mara ya tatu mshipa ukanywea mbele ya macho yetu sote wawili, naye akaniita bila kugeuka: "Daktari, umeona?"