Je, Tuhame Tena?

Mama mpendwa, je, mmewahi kuketi usiku, watoto wamelala, mkaulizana, "Tubaki au tuondoke?" Sisi tuliketi hivyo mara nyingi mjini Winnipeg, katika jimbo la Manitoba, nchini Kanada.

Tulifika huko kwa mpango unaoyawezesha majimbo kuteua wahamiaji. Manitoba iliuanza mwaka 1998. Jimbo huchagua watu linaowahitaji, kisha serikali kuu hupima afya na mwenendo wao na kutoa ukazi wa kudumu. Nasi tulitia sahihi kwamba nia yetu ni kuishi Manitoba.

Lakini maisha yalikuwa magumu. Baba watoto, fundi mitambo, alipata kazi ya kubeba mizigo ghalani usiku. Baridi ilifika nyuzi 30 chini ya sifuri. Na kila Jumapili binamu yake alipiga simu kutoka Calgary, jimbo la Alberta: "Njooni! Huku jimbo halitozi hata kodi ya mauzo."

Jirani mmoja alitutisha: "Mkihama, mtarudishwa kwenu." Mwingine alicheka: "Manitoba ni mlango tu, piteni." Tukakosa usingizi.

Tulipotafuta ukweli, tuliona kwamba wote wawili walikosea. Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Haki na Uhuru wa mwaka 1982 humruhusu mkazi wa kudumu kuishi na kufanya kazi katika jimbo lolote. Kuhama si kosa. Kosa ni kudanganya tangu mwanzo. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 2001 inaweza kumnyang'anya mdanganyifu ukazi wake na kumfungia mlango kwa miaka 5. Anayebadili nia kabla ya kupewa ukazi anapaswa kusema mapema.

Basi swali letu likawa jingine: Je, tumejaribu kweli? Tulijibu kwa aibu kwamba bado. Tukakubaliana kukaa. Baba watoto aliomba kazi za ufundi, na nakala za barua zote tukazihifadhi pamoja na mkataba wa nyumba na karatasi za shule. Mama mmoja wa kanisani alituletea viatu vya theluji. Watoto wakapata marafiki.

Mwaka wa tatu karakana moja ya Calgary ilimpa baba watoto kazi ya ufundi wake. Tukahama tukiwa na barua ya kazi mkononi, si maneno ya simu. Watoto walilia, nasi tukalia nao.

Mama mwenzetu, ukifikiri kuhama, fanya hesabu kwanza. Mshahara mkubwa waweza kumezwa na kodi ya nyumba. Jiandikishe upesi upate kadi ya afya ya jimbo jipya. Baadhi ya majimbo humfanya mgeni asubiri hata miezi 3, na kadi ya zamani humlinda kwa muda huo. Mama mjamzito asisahau jambo hili. Siku za kuomba uraia, 1,095 ndani ya miaka 5, hazipotei kwa kubadili jimbo.

Zaidi ya yote, msiamue mmoja peke yake. Ketini wawili, waulizeni na watoto. Nyumba iliyokubaliana huhamika. Iliyogawanyika huchukua ugomvi wake hadi mji mpya.