Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Wageni wa Futari Waliotutangulia

Wahenga wa pwani yetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kawaida tunaufahamu msemo huu kwa upande wa kitoweo. Mgeni akifika, kuku huchinjwa, na wenyeji nao hupata kula kilicho bora. Lakini Ramadhani iliyopita, katika uwanja wa msikiti wetu hapa Ngamiani, Tanga, msemo huo ulitufunulia maana nyingine, ukatuponya maradhi ambayo hatukujua kuwa tunayo.

Kamati ya msikiti ilikuwa imeandaa futari ya pamoja kwa familia za jamaa. Miaka iliyopita, watu wakishakula na kuswali Magharibi, watoto hukimbilia michezo, vijana hujitenga na simu zao, na wazee hubaki peke yao wakisubiri Isha. Safari hii, sisi tuliokabidhiwa ukatibu wa kamati tulipendekeza jambo la kuwakutanisha. Tuliziarifu familia siku saba kabla: kila nyumba ichague mtu mmoja aliyekwisha fariki, katika historia ya pwani yetu au ya waliopata kuipitia, ambaye wangependa kumkaribisha futari lau ingewezekana. Waje na mambo matatu: sababu ya kumwalika, chakula watakachomwandalia, na swali moja tu watakalomuuliza.

Tuliweka masharti. Kwanza, Mitume (a.s.) na Maswahaba (r.a.) wasiingizwe katika mazungumzo haya, kwa kuwa heshima yao hairuhusu tuwatungie maneno kwa dhana zetu. Pili, ifahamike kuwa hii ni tafakuri, wala si kuita roho za wafu. Aliyefariki yu mbele ya Mola wake, na haki yake kwetu ni dua. Tatu, asitiwe mgeni yeyote jibu kinywani ila lile linalojulikana kwa maandishi yake au matendo yake. Nne, adabu ya nyumba zetu ibaki: mikeka ya wanaume upande huu, ya wanawake upande ule, na kila anayesema asikike kote.

Mzee mmoja alituuliza kama huu si upuuzi ndani ya mwezi mtukufu. Tulimjibu kwa unyenyekevu kwamba Qur'ani Tukufu imejaa habari za waliotangulia, na Surat Yusuf yahitimishwa kwa kutukumbusha kuwa katika visa vyao mna mazingatio kwa wenye akili. Nabii Ibrahim (a.s.) naye aliwaandalia ndama wageni asiowajua. Mzee akatabasamu, akasema: “Haya, Bwana Katibu, tuwaone hao wageni wenu.”

Wa kwanza kutajwa alikuwa Ibn Battuta. Vijana wawili ndugu walieleza kuwa msafiri huyo wa Morocco alipita pwani hii mwaka 1331, akaanzia Mogadishu, akalala Mombasa, kisha akaelekea Kilwa. Mogadishu aliandika juu ya wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa na achari ya ndimu. Mombasa aliwasifu watu kwa dini yao, akaeleza namna walivyoosha miguu kabla ya kuingia msikitini. Vijana wetu wakasema watampikia ndizi mbichi za nazi, apate kuzilinganisha na zile za maziwa. Swali lao lilituchekesha sote: “Sheikh, jahazi lako lilipita mbele ya pwani yetu. Mbona hukushuka Tongoni?”

Kicheko kilipotulia, mama mmoja akaongeza neno ambalo tuliliandika pembeni: “Jina la sultani wa Kilwa kaliandika. La mwanamke aliyempikia zile ndizi, hatunalo.” Wakati ule hatukujua kuwa neno hilo lingeturudia kabla ya usiku kwisha.

Kutoka mkeka wa wanawake alikuja Mwana Kupona binti Msham wa Pate, aliyemtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa wasia karibu mwaka 1858, hali akiwa mgonjwa. Familia iliyomwalika ilikuwa na watoto wa kiume watatu bila binti. Mama yao aliuliza: “Bibi, umemuusia binti namna ya kukaa na mumewe. Lau ungezaa wanangu hawa, ungewausia nini juu ya kukaa na wake zao?” Baba mmoja aliitikia kwa sauti kuwa swali hilo lawahusu wazazi wote, kwani mabinti tunawakalisha kitako na kuwafunda, ilhali wavulana tunawaachia dunia iwafunze.

Jibu la nusu lilipatikana kwa mgeni aliyefuata, naye ni wa kwetu. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909, akafariki mwaka 1962, na kaburi lake lipo Machui. Yeye aliwatungia tenzi watoto wake wa pande zote mbili: binti alipata Utenzi wa Hati, na mwana wa kiume akapata Utenzi wa Adili. Na mtu huyu hakuwa na wasaa mwingi, kwani alikuwa karani wa serikali tangu ujana wake, akahamishwa huku na huko, Pangani ikiwa miongoni mwa vituo vyake. Hata hivyo alipata muda wa kumwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge, kwa miaka mingi, na barua hizo zimehifadhiwa zikachapishwa kitabu.

Aliyemwalika ni baba afanyaye kazi bandarini. Alisema angempa muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, kisha angemuuliza: “Uliandika saa ngapi, na kazi ulikuwa nayo?” Halafu akageuka kwetu akasema kuwa yeye humwandikia kaka yake aliye Muscat kila siku kwa simu, lakini simu ikiharibika maneno yote hupotea. Wajukuu wake watakapotaka kumwalika yeye futari, watamjua kwa lipi?

Mjane mmoja alimchagua Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy, aliyekuwa kadhi hapa Tanga. Baba yake, Hemedi bin Abdallah, ndiye aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Sheikh Ali mwenyewe aliacha kitabu cha Mirathi kilichochapishwa katika miaka ya 1920, na kingine cha Nikahi. Swali la mjane lilinyamazisha uwanja: “Sheikh, hesabu naijua. Mume akiacha watoto, mjane hupata thumuni. Nifundishe namna ya kuidai thumuni yangu bila kuvunja undugu na shemeji zangu.” Hatukuwa na jibu la kumpa pale pale. Tuliona baadhi ya wanaume wakiinamisha vichwa, na hilo nalo lilikuwa jibu la aina yake.

Mjadala mkali zaidi ulizuka alipotajwa Abushiri bin Salim al-Harthi. Kijana mwenye asili ya Pangani alisimulia namna watu wa pwani walivyoinuka mwaka 1888 dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na namna Abushiri alivyonyongwa pale pale Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Akataka mgeni huyo apewe nafasi ya heshima kwenye mkeka. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi akanyoosha mkono. “Ushujaa wake siupingi,” alisema, “lakini Abushiri alikuwa na shamba la miwa, na mashamba ya miwa ya bonde la Pangani yalilimwa na watumwa. Ukimwalika bwana, mwalike na aliyemlimia. Wale sinia moja.”

Palikuwa na minong'ono. Wengine waliona kuwa mwalimu anamvunjia heshima shujaa. Wengine walikumbusha kuwa dini yetu imefanya kumwacha mtumwa huru kuwa ibada kubwa na kafara ya makosa mbalimbali, basi hakuna haya kuliuliza jambo hilo mbele ya Waislamu. Kijana yule alifikiri kwa muda mrefu, kisha akalibadili swali lake: “Bwana Abushiri, ulipoipigania pwani isitawaliwe, yule wa shambani kwako alikuwa katika hesabu?” Hakumwondoa mgeni wake, ila alimwongezea mwenzake. Na alipotakiwa kulitaja jina la huyo mwenzake, hakuwa nalo.

Hapo ndipo binti mmoja wa madrasa yetu, aliye darasa la sita, aliposimama na karatasi mkononi. “Sisi nyumbani tumemchagua mtu aliyetoa kiwanja cha msikiti huu,” alisema. “Tumetengeneza kadi ya mwaliko. Lakini, Bwana Katibu, tumeandika ‘Kwa’ tukakwama. Jina lake nani?”

Macho yote yalitugeukia. Daftari tunalo, na tulilijua lilivyoandikwa: “Wakfu. Mtoaji: mke wa marehemu”, halafu jina la mumewe. Tulipopokea ukatibu tuliunakili mstari huo katika daftari jipya kwa mwandiko mzuri, wala hatukumuuliza mtu. Tulisoma chuoni mlango mzima wa wakfu na masharti yake, tukafaulu mtihani, kisha tukashindwa kujua wakfu tunaouswalia kila siku umetoka mkononi mwa nani. Na kosa lilikuwa na uzito zaidi ya hapo. Mwezi ule ule kamati ilikuwa ikijadili kujenga fremu za maduka nyuma ya msikiti, ili kodi yake itengeneze paa. Mapendekezo hayo tuliyaandika sisi.

Sauti ilitoka kwenye mkeka wa wanawake. Bibi mmoja aliyevuka miaka themanini alisema taratibu: “Mimi namjua. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikichota maji kisimani kwake, hapo nyuma.” Akalitaja jina. Akasema mwanamke huyo alikuwa akisuka mikeka na kupika vitumbua, na kiwanja alikinunua kwa fedha zake mwenyewe. Alikitoa kwa ajili ya msikiti, na sehemu ya nyuma aliikusudia iwe ya kisima cha wapita njia na chumba cha watoto watokao mashamba kuja kusoma Qur'ani.

Tukamuuliza: “Bibi, mbona hukupata kutuambia?” Akajibu: “Wanangu, mlipata kuniuliza?”

Msomaji anayefahamu fiqhi ataona uzito wa habari hiyo. Wanazuoni wamekubali kanuni kuwa sharti la mtoa wakfu, maadamu halipingani na dini, hufuatwa kama andiko la sheria lifuatwavyo. Kamati haina ruhusa ya kuugeuza wakfu kwa kuwa tu paa linavuja. Hata hivyo kumbukumbu ya mtu mmoja haitoshi kukata shauri, nasi tuliwatafuta wazee wengine wawili. Wote walikikumbuka kisima. Juu ya chumba cha wanafunzi walihitilafiana. Kamati imesimamisha shauri la maduka na kulipeleka kwa masheikh. Wapo wajumbe waliokasirika, na hatuwalaumu, kwa kuwa mvua hainyeshi kwa kungoja fatwa. Kisima kimefukuliwa tayari, na maji yamepatikana, alhamdulillah. Jina la mama yule limeandikwa daftarini kwa ukamilifu wake. Hapa hatulitaji, mpaka kizazi chake kitakapotupa idhini.

Tunazinasihi familia zijaribu jambo hili nyumbani, hata kama si Ramadhani. Jioni moja ya mapumziko inatosha. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye amtaje mgeni wa kwanza, kwani mkubwa akianza, wadogo humwigiza. Mgeni atafutiwe habari za kweli, kwa kitabu au kwa mwalimu, na panapokosekana habari pasitiwe uongo. Swali liwe moja, tena liwe lile linalowasumbua nyumbani kwenu: mirathi, malezi, kazi, undugu. Mgeni ambaye hana la kuwaponya ni pambo la mkeka tu. Mkimaliza, muombeeni dua.

Kisha ulizeni: katika nyumba hii, katika mtaa huu, ni nani aliyetufaa na jina lake hatulijui? Na nani yu hai leo anayelijua? Huyo wa pili ndiye wa kualikwa kwanza, kwa chakula cha kweli, kabla naye hajawa miongoni mwa waliotangulia. Sisi siku hizi kila Ijumaa baada ya Alasiri huenda kwa yule bibi na daftari. Huanza kwa shikamoo, hutulia, na humwacha aseme.

Binti yule aliimaliza kadi yake usiku ule ule. Alilijaza jina kwa kalamu ya kijani, akatukabidhi tuihifadhi. Ipo ndani ya daftari la wakfu, kwenye ukurasa wa kwanza.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yule, awarehemu wote waliotutangulia kwa imani, na atujaalie kuwa wenyeji wema kwa wageni wetu, walio hai na waliofariki. Amin. Wabillahi tawfiq.