Fahamu: Kwa nini muziki wa Negril una saa ya kuzimwa

Mji wa Negril uko ncha ya magharibi ya Jamaika. Jua likizama, baa za ufuo wa Seven Mile Beach hupokezana zamu: leo bendi ya rege inapiga hapa, kesho kule, jukwaa likiwa mchangani na wasikilizaji miguu peku. Kuta hazipo, hivyo besi husafiri mbali.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Sheria ya kudhibiti kelele ya mwaka 1997 inakataza muziki unaosikika zaidi ya mita 100 kuanzia saa sita usiku siku za kazi, na saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili. Polisi wanaweza kuusimamisha.

Mgogoro kuhusu saa hizo ni mkali kwa sababu dansi za Jamaika huchangamka usiku wa manane. Muziki ukizimwa saa nane, anayeumia kwanza ni mchoma kuku wa jerk (wa viungo vikali) aliyewasha mkaa jioni akitegemea umati wa usiku, kisha dereva wa teksi. Mgonjwa na mtoto wa jirani wanastahili usingizi, hilo halina ubishi. Lakini saa ile ile ya kuzima muziki haifai nchi nzima, na ukanda wa baa si mtaa wa makazi.

Tangu kimbunga Melissa kilipoipiga parokia ya kiutawala ya Westmoreland, uliko Negril, tarehe 28 Oktoba 2025, kila saa ya biashara ina uzito zaidi kwa familia zinazojenga upya.