DONGE LA MANYOYA YA PAKA: LATOKA WAPI, NA KWA NINI?

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Na kwa kuwa haingwi, hulala apendapo na hutapika apendapo: leo juu ya mkeka, kesho mlangoni pa chumba. Asubuhi mwenye nyumba hukuta kitu cha kijivu, chenye umbo la kidole, kimelowa ute. Mara ya kwanza hudhani ni kinyesi. Akikichunguza huona ni manyoya yaliyosokotana. Hapo husema, "Kumbe ndiyo sababu paka alikuwa akikohoa usiku." Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika neno hilo moja, kukohoa, mna kosa, na kwamba kosa hilo laweza kumgharimu mnyama uhai wake.

Chanuo lisiloweza kutema

Paka hutumia sehemu kubwa ya saa zake za kuwa macho akijilamba. Ulimi wake, kama ajuavyo kila aliyewahi kulambwa naye, hukwaruza mithili ya msasa. Mkwaruzo huo watokana na vijimiba vya keratini, protini ile ile inayounda kucha na nywele zetu. Mwaka 2018 Alexis Noel na David Hu, watafiti wa Chuo cha Teknolojia cha Georgia, Marekani, walieleza kwamba ncha za vijimiba hivyo zina uwazi kama wa kijiko. Uwazi huo huchota mate kinywani na kuyafikisha kati ya manyoya hadi karibu na ngozi. Kwa hiyo ulimi ni chanuo na kitambaa cha kuogea kwa pamoja.

Hata hivyo, chanuo hili lina ila moja: vijimiba vyake vimeelekea nyuma, upande wa koo. Unyoya ukishanaswa hauna njia rahisi ya kutemwa, na paka hana budi kuumeza.

Yanayotokea tumboni

Molekuli za keratini zimefungamanishwa kwa viungo vya salfa ambavyo vimeng'enya vya tumbo haviwezi kuvikata. Kwa sababu hiyo manyoya hayasagiki. Sehemu kubwa hupita katika matumbo na kutoka pamoja na kinyesi, wala mwenye paka hana habari. Sehemu ndogo hubaki nyuma. Kwa mbwa na binadamu, tumbo likiwa tupu hupitiwa kila baada ya muda na wimbi la mikazo yenye nguvu, ambalo hufagia mabaki kuelekea utumbo mwembamba. Paka hana wimbi la namna hiyo. Mikazo yake ni ya aina nyingine, na wataalamu hudhani kuwa hiyo ni sababu mojawapo ya manyoya kukaa na kusokotana.

Hatimaye tumbo huyakataa. Yanapopanda kupitia umio, ambao ni mfereji mwembamba, hubanwa na kurefuka. Ndiyo maana donge la paka lina umbo la kidole, ilhali madonge ya manyoya ambayo wachinjaji huyakuta katika matumbo ya ng'ombe ni ya mviringo: hayo hayakupita popote penye kuyabana.

Kutapika si kukohoa

Basi donge hutoka tumboni, wala si kifuani. Paka anayetaka kulitoa hujikunyata, ubavu na tumbo humcheza kwa nguvu, hufungua kinywa na kukokomoa mpaka kitu kitoke. Paka anayekohoa hujibana chini, shingo ameinyoosha mbele, viwiko vimetanuka; hutoa pumzi kwa kishindo, pengine yenye mlio, kisha humeza mate na kunyamaza. Sakafu hubaki kavu.

Mwandishi wa makala haya alijifunza tofauti hiyo kwa aibu. Paka wetu aliposhikwa na hali hiyo usiku, niliwaeleza watu wa nyumbani, kwa majivuno ya msomi, habari za keratini na ulimi. Baada ya miezi miwili mama yangu mzazi aliniuliza, "Mwanangu, hayo manyoya unayoyasema, mbona mimi ninayefagia kila siku sijayaona?" Sikuwa na jibu. Daktari wa mifugo alimsikiliza kifua akatuambia kuwa ni pumu. Naam, paka pia hupatwa na pumu, na asipotibiwa aweza kufa kwa kukosa pumzi. Wetu alipewa dawa akapata nafuu. Mimi nilikuwa na nadharia. Mama alikuwa na ushahidi.

Wakati wa kuwa na hadhari

Donge moja mara chache kwa mwaka, kwa paka mwenye afya, si ugonjwa. Wenye manyoya marefu hutapika mara nyingi zaidi kuliko wenye manyoya mafupi. Lakini Martha Cannon, daktari wa paka wa Uingereza, aliandika mwaka 2013 kwamba madonge ya mara kwa mara huweza kuwa dalili ya mambo mawili: ama mnyama anameza manyoya kupita kiasi, ama tumbo na matumbo yake hayasukumi vyema. Paka wengi wa majumbani mwetu wana manyoya mafupi, na viroboto hawana msimu katika joto la pwani. Kwa hiyo atapikapo mara kwa mara, jambo la kwanza ni kupekua ngozi yake, kwani awashwaye hujilamba bila kukoma.

Kumchana kila siku hupunguza manyoya ya kumezwa. Kumnywesha mafuta kwa nguvu ni hatari, maana yaweza kuingia mapafuni. Na akiwa anakokomoa bila kutoa kitu, hali chakula wala hapati choo, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda donge limeziba utumbo.

Msomaji atakaposikia tena sauti ile usiku, asikimbilie kuipa jina. Awashe taa, amtazame paka alivyokaa, kisha aitazame sakafu.