Samburu kwa kiti mwendo: Nini hasa humzuia mtalii mwenye ulemavu?

Nyika ya Samburu, kaskazini mwa Kenya, husifika kwa wanyama ambao ni nadra kuonekana kwingineko Afrika Mashariki. Kwa mtu anayetumia kiti mwendo, likizo katika eneo hilo inawezekana kuliko wengi wanavyodhani. Hata hivyo, safari hiyo yaweza kuharibiwa na mambo madogo ambayo aghalabu hugunduliwa msafiri akiwa ameshalipa na kufika.

Hifadhi ya Samburu ina ukubwa wa kilomita za mraba 165, na iko kwenye ukingo wa kaskazini wa mto Ewaso Nyiro. Ng'ambo ya mto iko hifadhi ya Buffalo Springs, na upande wa mashariki iko Shaba. Humo ndimo wanamoishi wanyama watano wanaoitambulisha kaskazini ya Kenya: pundamilia wa Grevy mwenye mistari myembamba, twiga mwenye madoa yaliyopangika kama wavu, choroa, mbuni wa Kisomali na swala twiga, ambaye husimama kwa miguu ya nyuma ili kufikia majani ya juu. Pundamilia wa Grevy yumo hatarini kutoweka, na wengi kati ya waliobaki porini wako Kenya.

Ndani ya gari

Kanuni za hifadhi haziruhusu wageni kushuka garini ovyo, isipokuwa katika sehemu zilizotengwa. Kwa sababu hiyo, kila mgeni hutazama wanyama akiwa garini, awe anatembea au hatembei. Mlimani au ufukweni mtumiaji wa kiti mwendo huweza kuachwa nyuma na wenzake. Hapa wote hubebwa na gari moja.

Lakini usawa huo una mipaka. Magari mengi ya utalii katika Afrika Mashariki yana paa linaloinuliwa, na wageni husimama ili kutazama na kupiga picha kupitia uwazi wa juu. Asiyeweza kusimama hubaki na dirisha lake tu. Dereva mwenye kulijua hilo huliegesha gari ubavu, ili dirisha la mgeni wake lielekee kwa mnyama. Kiti cha mbele, kando ya dereva, nacho hutoa nafasi nzuri ya kuona, na mara nyingi ni rahisi zaidi kukifikia.

Kazi ngumu ni kupanda. Sakafu ya gari kama Land Cruiser iko juu sana kuliko kiti mwendo. Pasipokuwa na gari lenye lifti au ubao wa mteremko, msafiri hulazimika kunyanyuliwa. Wanaomnyanyua wanapaswa kwanza kumwomba ruhusa, kisha kufuata maelekezo yake, kwa kuwa yeye ndiye anayeujua mwili wake. Kumshika vibaya kunaweza kuumiza bega au kuchubua ngozi isiyo na hisia, na mwenyewe asitambue hadi jioni.

Njia ya kufika

Barabara ya lami kutoka Nairobi hupitia Isiolo na Archers Post, karibu na lango la hifadhi, kisha huendelea hadi Moyale. Safari ya Nairobi hadi Samburu ni zaidi ya kilomita 300, na msafiri kutoka Tanzania anayepitia Namanga huongeza saa kadhaa juu yake.

Kukaa kwa muda huo wote ni hatari kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo, kwani mgandamizo wa muda mrefu husababisha vidonda ambavyo huchukua wiki au miezi kupona. Mto maalumu wa kukalia na vituo vya kupumzika ni sehemu ya mpango wa safari. Vyoo navyo ni tatizo, kwa kuwa vingi vya njiani ni vyembamba au vya kuchuchumaa. Baadhi ya wasafiri hujinyima maji ili wasihitaji choo, jambo linaloongeza hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo na kuishiwa maji mwilini katika nchi yenye joto kali. Aidha, mtu aliyeumia uti wa mgongo kwa juu huenda asitoke jasho la kutosha kuupoza mwili. Kwa ajili hiyo, mizunguko ya alfajiri na ya jioni humfaa zaidi.

Wapo wanaopendelea ndege ndogo kutoka uwanja wa Wilson jijini Nairobi. Ndege hizo hupandwa kwa ngazi nyembamba, na kwa kawaida mizigo huwekewa kikomo cha kilo 15. Kiti mwendo cha kukunjwa huweza kuingia. Cha umeme, chenye betri nzito, huenda kisipite mlango wa mizigo. Uzito na vipimo vya kiti vinapaswa kuifikia kampuni ya ndege kabla ya tiketi kununuliwa.

Vipimo badala ya ahadi

Swali la kama hoteli "inafaa kwa watu wenye ulemavu" hujibiwa ndiyo kwa urahisi, na mara nyingi maana yake ni kwamba wapo vijana wa kumbeba mgeni. Jibu la kuaminika hupatikana kwa futikamba. Mlango wa chumba, na hasa wa bafu, unatakiwa uwe na upana wa sentimita 80 hivi. Njia ya mteremko inayokubalika hujengwa kwa uwiano wa 1 kwa 12. Hivyo ngazi zenye kimo cha sentimita 30 huhitaji mteremko wa mita 3.6. Ubao mfupi uliosimama wima ni hatari hata kwa mwenye mikono yenye nguvu.

Inafaa pia kuulizia kimo cha kitanda, umbali wa kwenda ukumbi wa chakula, na kama njia ni ya mchanga. Magurudumu madogo ya mbele huzama mchangani, na miiba ya migunga hutoboa mipira yenye upepo. Kwa ardhi ya namna hiyo hufaa mipira isiyojazwa upepo, au kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu la mbele lililosogezwa mbali.

Haki na hesabu

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unayataja mapumziko na utalii katika kifungu cha 30. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote pa umma na kutumia usafiri wa umma kwa kiwango kinachofaa.

Kwa wenye hoteli na kambi, ipo pia hesabu ya biashara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, na wengi wao husafiri pamoja na jamaa. Familia huchagua mahali ambapo kila mmoja wao ataweza kulala, kula na kuoga. Kambi yenye ngazi tatu mlangoni humpoteza bibi, mwanawe na wajukuu kwa mpigo mmoja. Kurekebisha chumba kimoja, kumwaga zege kwenye njia ya kwenda kulia chakula na kuchapisha vipimo vya milango katika tangazo lake ni kazi isiyohitaji kungoja ujenzi mpya, na humwezesha msafiri kuamua kabla hajaondoka nyumbani.