Hasheem Thabeet na Kazi ya Kutoruka

Tanzania inamkumbuka Hasheem Thabeet kwa urefu wake wa mita 2.21 na kwa kuchaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Kwa jicho la ukocha, yenye mengi zaidi ni ile misimu mitatu ya kabla, Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya Jim Calhoun.

Calhoun hakuwa kocha wa kubembeleza. Mfumo wake ulijulikana: walinzi wa nje wambane mwenye mpira bila woga, maana akiwaponyoka atamkuta mrefu chini ya kikapu. Emeka Okafor aliifanya kazi hiyo hadi ubingwa wa 2004. Kijana wa Dar es Salaam, aliyeanza kucheza kikapu akiwa ameshabalehe, akaikuta ikimsubiri.

Kuzuia mitupo hakukumsumbua. Msimu wa kwanza tu alizuia wastani wa 3.8 kwa mchezo. Kilichomsumbua, kama wanavyosumbuka warefu wengi wanaoanza, ni faulo. Chuoni mchezo ni dakika 40, na faulo ya tano inakutoa. Ukipata mbili kabla ya mapumziko, kocha kwa kawaida anakuweka benchi, na mfumo wote unaporomoka. Basi mrefu hufundishwa kutoruka: danganya toto ya kwanza iache ipite, ngoja mpira utoke mkononi, kisha panda wima, mikono juu. Sheria inakupa nafasi iliyo juu ya kichwa chako. Ukiinama mbele umeipoteza. Usichelewe pia, kwani mpira ukishaanza kushuka kuelekea kikapuni hauguswi.

Alijifunza. Rebaundi zilipanda kutoka 6.4 hadi 10.8 kwa mchezo, pointi kutoka 6.2 hadi 13.6. Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga 15, akadaka 11 na kuzuia 10. Wiki chache baadaye DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa takriban sentimita 20, alimsukuma alivyotaka na kudaka rebaundi 23. Nguvu za miguu hazikuwa zimefika bado.

Wanaosema Thabeet alibadilika alipofika Memphis, timu yake ya NBA, wanasahau sheria. Chuoni sentaa anayelinda anaweza kukaa chini ya kikapu muda wote. NBA, tangu 2001, hakai ndani ya eneo hilo zaidi ya sekunde tatu bila kuwa karibu na mpinzani anayemlinda. Pale aliposimikwa na Calhoun, ligi ilimtaka atoke. Simlaumu Calhoun, yeye aliajiriwa kushinda kwa sheria za chuo. Ila Memphis ilikuwa na Marc Gasol, asiyeruka sana lakini hodari wa kujipanga na kutoa pasi, na Februari 2010 Thabeet alipelekwa ligi ya chini, Dakota Wizards, akatafute dakika za kucheza.